Nuksi ya tarehe 6 Mei: siku ina kosa gani?

MZEE mmoja wa hapa Karatu alinijia baada ya swala ya Isha akiwa na jambo zito. Posa ya binti yake ilikuwa imekamilika, na upande wa bwana harusi, watu wa Arusha, wamependekeza ndoa ifungwe tarehe 6 Mei. "Ustadhi," akaniambia, "tarehe ile si ya kuoza mtoto. Ina nuksi."

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililokuwa likiwaleta Karatu wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha, waje kufanya mtihani pamoja na wenzao, lilitumbukia korongoni Rhotia. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walifariki. Watoto watatu tu walinusurika. Wageni wa harusi nao wangepita barabara ileile.

Huzuni ya mzee naiheshimu. Lakini hebu tujiulize: nuksi hiyo imekaa katika kalenda ipi? Siku ya ajali ilikuwa ndani ya Shaaban 1438. Mwaka 2020, tarehe 6 Mei ilituangukia ndani ya Ramadhani. Mwaka 2022 ikawa Shawwal, siku chache tu baada ya Idi. Je, nuksi ilifuata mwezi wa Shaaban au ilibaki na Mei? Na kama ilibaki na Mei, iliingiaje Ramadhani?

Anayetafuta balaa katika tarehe hataikosa. Tarehe 6 Mei 1937 ndege kubwa ya Hindenburg iliteketea Marekani. Lakini tarehe hiyohiyo mwaka 1954, Roger Bannister wa Uingereza alikuwa mtu wa kwanza kutambuliwa kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Miaka ni mingi na siku ni 365 tu. Kila tarehe lazima ibebe vilio na vigelegele. Sisi ndio tunaochagua cha kuhesabu.

Mtume (s.a.w.) alikutana na jambo hili siku aliyomzika mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 Hijria. Jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mtoto yule. Maneno yale yalikuwa ya kumtukuza, naye alikuwa baba mwenye machozi. Hata hivyo aliyakanusha palepale: jua na mwezi ni ishara za Allah, havifuati uhai wala kifo cha mtu. Kisha akawaelekeza kwenye swala.

Atakuja msomaji aseme: mbona Qur'an imetaja siku za nuhusi zilizowaangamiza kina Adi? Ni kweli. Lakini Sura al-Haaqqa inatueleza kuwa upepo ule ulivuma usiku saba na michana minane. Kama siku zenyewe ndizo zenye nuksi, basi wiki nzima imekwisha, hakuna hata siku moja ya kuozea! Tena katika siku hizohizo Nabii Hud na walioamini waliokolewa. Siku ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni matendo ya watu.

Hapa ndipo penye hatari. Tukiilaumu tarehe, tumemsamehe anayejaza gari kupita kiasi, anayekimbiza gari kwenye mteremko wakati wa mvua, na anayepewa kazi ya kukagua akafumba macho. Siku haiendeshi gari. Qadar tunaiamini, lakini Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah.

Nilimwambia mzee: kama jirani yako amefiwa tarehe hiyo na unaona vigelegele vitamtonesha kidonda, sogeza harusi, utapata thawabu ya huruma. Kama ni kwa kuogopa nuksi, usisogeze hata saa moja.

Alifikiri, akaoza binti yake tarehe 6 Mei. Kabla ya khutba ya ndoa tuliwaombea wazazi waliofiwa. Na jana yake mzee alikuwa amempigia simu dereva wa wageni: abebe abiria kwa idadi ya viti tu, na Rhotia ateremke polepole.

Wabillahi tawfiq.