Mashahidi Wanne na Neno la Aliyedhulumiwa

Ndugu zetu wa Shinyanga na machimbo ya Geita, wako wasemao kuwa binti aliyeingiliwa kwa nguvu hana shauri mpaka alete mashahidi wanne. Wamekosea sana. Mashahidi hao, katika Suratun-Nur, hutakwa kwa mwenye kumtuhumu mwanamke zinaa. Ni kinga yake. Vipi wageuzwe kufuli la kinywa chake?

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari ya mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu akienda kusali. Alipolalamika, akakamatwa mtu siye. Karibu aadhibiwe, mkosa mwenyewe akasimama akakiri. Mwanamke akaambiwa aende zake, Mungu amemsamehe. Basi neno lake lilisikizwa. Na kadhi naye aonywe asifanye haraka.

Maiz alipokiri zinaa kwa hiari yake, Mtume (s.a.w.) alimgeuzia uso mara kwa mara, akauliza kama ana wazimu. Sembuse kukiri kwa aliyepigwa!

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 yaruhusu hakimu kuhukumu kwa neno la mdhulumiwa peke yake, akiridhika kuwa ni kweli, na aandike sababu zake. Basi enyi wazee mnaoketi kumaliza jambo hili kwa ng'ombe, mpelekeni binti polisi na hospitali siku ile ile, kabla hajaoga.