Mwenyeji Wetu Kule Ni Nani?

Somo: Hesabu 10:29-34



Wiki tatu zilizopita nilisimama mbele ya kamati ya vijana na bajeti ya safari yetu ya Mlima Kasigau. Mnajua nilisomea biashara, bajeti hainitishi. Kila kitu kilikuwemo: matatu mbili kutoka Voi mpaka Maungu, kisha barabara ya vumbi hadi Rukanga, maji, mandazi, dawa za huduma ya kwanza, hata pesa ya pancha. Nikasema tumefunga siku tatu na Bwana ametupa kibali.

Mama mmoja akainua mkono. "Pasta, mwenyeji wetu kule ni nani?"

Nikamjibu kwamba Roho Mtakatifu ndiye kiongozi wetu. Kamati ikasema amina. Yeye hakusema.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka mwezi wa nne mwaka jana, mimi na vijana wawili tukitoka kutembelea wagonjwa. Tulishuka kwenye mchanga wa mto Voi, tukakaa chini ya mti tule. Mto mkavu kabisa, jua la kupasua kichwa. Mzee mmoja mchunga mbuzi akatupigia kelele kutoka ukingoni: tuondoke, kule milimani kumenyesha tangu alfajiri. Nikamwambia, "Asante baba, siku hii tumeiombea." Akasema, "Hata mimi nimeomba. Tokeni."

Tulitoka kwa kuheshimu mvi zake tu. Chai haijaisha kwenye chupa, tukasikia mngurumo kama wa lori. Maji ya matope yalishuka na magogo, na ule mchanga tuliokalia haukuonekana tena. Sijawahi kutoa ushuhuda huu madhabahuni, kwa sababu ingenibidi niseme nilivyomjibu yule mzee.

Sasa tazameni somo letu. Israeli wanaondoka Sinai. Wingu la Bwana liko juu yao, sanduku la agano linatangulia. Na Musa, mtu aliyevuka bahari kwa miguu, anamgeukia mkwewe Hobabu, Mmidiani, anamsihi asiwaache. Sababu anayotoa ni kwamba Hobabu anajua mahali pa kupiga kambi jangwani, awe macho kwao. Hobabu alishakataa mara ya kwanza. Musa akaomba tena! Sisi wahubiri hupita mistari hii haraka tukikimbilia wingu. Lakini mwenye wingu ndiye aliyekuwa anaomba macho ya mwenyeji, na hakuona kama amepungukiwa imani.

Wapendwa, hili si jambo la kale tu. Aprili 2012 vijana wa kanisa waliokuwa matembezini Hell's Gate, kule Naivasha, walisombwa na maji ya ghafla ndani ya korongo, na baadhi yao hawakurudi kwa wazazi wao. Hao nao waliomba kabla ya kupanda gari, sina shaka. Septemba 2019 korongo lile lile likachukua watu saba. Kijana wetu mmoja alinionyesha kwenye simu picha za Antelope Canyon, korongo jembamba la mawe mekundu katika ardhi ya Wanavajo, Arizona, Marekani. Agosti 12, 1997 watalii 11 walifia humo. Mvua yenyewe ilinyesha mbali na pale walipokuwa. Leo hata uwe na dola ngapi, huingii bila kiongozi aliyeidhinishwa na Wanavajo wenyewe. Ardhi ni yao.

Na Kasigau je? Ule mlima wa mita 1,641 una watu. Kuna Rukanga, Bungule, Makwasinyi na vijiji vingine vinavyokunywa maji yanayotoka katika ule msitu wa juu. Ndovu hupita chini yake wakivuka kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi. Mimi nilipanga kuwapeleka watoto wenu 28 pale kama mtu anayeingia shambani kwa jirani bila kupiga hodi.

Jumatatu nilimpigia yule mama kumwomba msamaha. Akacheka, akanipa namba ya shemeji yake wa Rukanga anayepandisha wageni mlimani. Huyo ndugu alituuliza maswali manne ambayo hayakuwa kwenye bajeti yangu. Akasema tarehe yetu ya Novemba haifai, miamba huteleza wakati wa mvua, na tutaanza kupanda mapema asubuhi, sio saa nne kama nilivyoandika. Pia kwanza tukawasalimie wazee wa kijiji.

Kwa hiyo safari imesogezwa hadi Februari. Mchango umeongezeka shilingi 200 kwa kila kijana, ni malipo ya viongozi wawili wa kule. Aliyekwisha kulipa aongeze kwa mweka hazina. Wazazi, fomu ziko kwa katibu; msitume mtoto na sandali.