Maskini Ni Nani?



Neno "maskini" twalitamka mara nyingi kana kwamba sote twaijua maana yake. Lakini wataalamu wa elimu ya jamii wamebishana juu ya neno hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, na ubishi wao watuhusu hata sisi tunaoketi kanisani.

Mwaka 1899, katika mji wa York, Uingereza, Seebohm Rowntree, wa jamaa ya watengenezaji chokoleti, alifanya uchunguzi nyumba kwa nyumba za wafanyakazi. Alikadiria gharama ya chakula, nguo, kodi ya nyumba na makaa ya moto, vile vya kutosha tu kuutunza mwili. Kitabu chake cha mwaka 1901 kilieleza kwamba karibu asilimia 28 ya watu wa mji ule walikuwa katika umaskini. Tena Rowntree mwenyewe alionya kwamba kipimo chake ni kikali mno: hakikuacha hata senti ya stempu ya barua, ya kumsaidia jirani, wala ya sadaka.

Mwaka 1979 Peter Townsend, naye Mwingereza, alishika njia nyingine. Alisema maskini ni yule asiye na uwezo wa kuishi kwa desturi za jamii yake. Kwa hiyo aliuliza watu hata kama wamemkaribisha ndugu au rafiki kula. Baadhi walimpinga, wakisema kwamba wengine hawakaribishi wageni kwa kupenda kwao wenyewe.

Sisi twaona kwamba kipimo cha kwanza hakifai kudharauliwa, maana mwenye njaa hangojei mjadala. Lakini cha pili chatuchoma zaidi. Yuko ndugu ambaye siku ya mavuno hubaki nyumbani kwa kuwa hana cha kuweka kikapuni, na jina lake halitasomwa pamoja na waliochanga. Nasi husema, "Imani yake imepoa." Kumbe amekula, lakini ni maskini kati yetu, na desturi inayomfungia nje tumeiweka sisi wenyewe.

Yule mjane wa Injili alikuwa na senti zake mbili, na zilipokewa. Je, asiye nazo atapokewaje kwetu? Tuanze kwa kumtembelea wiki hii, bila daftari la michango. Na wazee wa kanisa wafikiri upya kama ni lazima majina yale yasomwe.