Kicheko Penye Kaburi: Utani na Uzito wa Jambo

Methali yatuonya kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kwa mujibu wake, afanyaye masihara mbele ya jambo zito ana kasoro ya kimaadili: ama hajapevuka, ama hana huruma. Makala haya yanadai kuwa hukumu hiyo ni ya haraka, kwani huchukulia vicheko vyote kuwa kimoja.

Tuanze na utani wa makabila nchini Tanzania. Jamii zilizowahi kupigana, au kukutana katika misafara ya karne ya 19, ziliugeuza uhasama na ugeni wao kuwa mzaha wenye kanuni. Msibani, mtani huweza kumwigiza marehemu, kumkejeli, hata kuzuia maziko mpaka apewe chochote. Wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyohuyo ndiye asaidiaye kuchimba kaburi na kuhudumia waombolezaji. Hacheki kwa kutojua kuwa kuna kifo; anacheka akiwa ameshika jembe.

Tamthilia ya Shakespeare, Hamlet, yatupa vicheko vya namna nyingine. Katika tendo la tano, mchimba kaburi anaimba akiwa kazini. Hamlet anashangaa, Horatio anamweleza kuwa ni mazoea. Punde Hamlet mwenyewe anayafanyia ubishi mafuvu, akikisia hili lilikuwa la mwanasheria, lile la mwanasiasa. Ubishi huo unakoma anapogundua kuwa kaburi ni la Ophelia. Kumbe kilichomwezesha kucheza ni kuwa kaburi, kwake, lilikuwa bado halina mwenyewe.

Hivyo basi tuna kicheko cha mazoea, kicheko cha umbali, na kicheko cha wajibu. Kipo pia cha nne, nacho ndicho kigumu zaidi kukihukumu: kicheko cha hofu. Nilipokuwa kijana nilicheka katika mazishi ya mtu niliyempenda mno. Wazee walinitoa nje kwa aibu. Hakuna aliyeuliza kama nilikuwa na la kufanya pale. Sikuwa nalo. Wenzangu walibeba jeneza, akina mama walipika. Mimi nilisimama tu, nao uzito ule ukakosa pa kutulia ndani yangu.

Yamkini, basi, baadhi ya wanaoshindwa kulichukulia jambo zito kwa uzito wake hawakosi hisia. Wanakosa nafasi ndani ya jambo lenyewe. Hatusemi kuwa kila kicheko kisamehewe: anayecheka ili asiguswe na msiba wa jirani yake anastahili lawama, maadamu umbali huo kauchagua mwenyewe. Mtani na mtoro wanaweza kutoa sauti ileile.

Mhakiki naye apaswa kukumbuka hayo akutanapo na kazi inayochekesha juu ya njaa, vita au kifo. Asiulize tu kama mwandishi anacheka. Aulize ameshika nini mkononi.