Dharura Ambayo Mwili Hauisikii

Mzee mmoja wa Pemba, anayeishi kwa mwanawe hapa Windsor East, Randburg, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Akarudishwa nyumbani na sindano za kujidunga tumboni kila siku kwa wiki nne, damu isije ikaganda. Mjukuu wake akasoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi: enoksaparini hutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Mzee akaziweka kando. Nilipokwenda kumjulia hali akaniambia, "Ustadhi, damu yangu haijaganda. Hiyo dharura iko wapi?"

Mimi ni fundi mapazia, jioni nasomesha watoto Kurani, si mufti. Lakini nilimheshimu kwa swali lile. Jamaa zake walikuwa wakimsomea aya ya 173 ya Suratul Baqara, inayomwondolea dhambi aliyelazimika kula cha haramu, na mzee kaihifadhi tangu chuoni. Yeye alitaka kujua kama mtu hulazimishwa na jambo ambalo halijatokea na huenda lisitokee. Mwenye njaa jangwani anaisikia njaa yake. Yeye miguu mizima, pumzi nzima.

Saratani ina hila hiyo ya kuhatarisha bila kusikika. Seli zake hutoa vitu vinavyoichochea damu igande. Upasuaji ukaongeza majeraha, kitanda kikaongeza kulala. Madaktari wanakadiria kwamba mwenye saratani yumo hatarini mara 4 hadi 7 kuliko asiye nayo. Bonge la damu likikatika mguuni likafika mapafuni, linaweza kuua kabla gari halijafika. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alieleza uhusiano wa saratani na kuganda kwa damu mwaka 1865. Miaka miwili baadaye damu ikamganda yeye mwenyewe, akatambua kuwa ana saratani, na mwaka uleule akafa. Heparini, ambayo enoksaparini ya mzee ni jamii yake, ilikuja kugunduliwa 1916.

Wapo wanaolimaliza jambo kwa njia fupi. Semina ya wanazuoni na madaktari iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 ilikubali kwamba najisi ikishageuka kuwa kitu kingine kabisa, hukumu yake hubadilika. Kanuni naikubali, ila kwa heparini sitaiegemea. Kwa ninavyoelewa, hii imetolewa utumboni ikasafishwa; haikugeuka.

Nilichomjibu mzee kilitoka kwenye Ramadhani yake mwenyewe. Mgonjwa anayechelea maradhi yake yatazidi huruhusiwa kula mchana, na hangoji yazidi kwanza ndipo ale. Hofu yenye msingi, hasa akiithibitisha tabibu mjuzi, mafakihi wameipa uzito wa jambo lililokwisha kutokea. Mwenye njaa naye hawakumtaka asubiri mpaka roho ifike kooni. Basi dharura ya mzee ipo, ila anayeiona ni daktari.

Akanibana: "Na kama ipo dawa nyingine ya halali?" Hapo alikuwa na haki, maana dharura huondoka halali inayotosha ikipatikana. Kuna fondaparinuksi, na vidonge vya apiksabani na rivaroksabani, ambavyo dawa yenyewe ndani yake ni ya kutengenezwa, haitokani na mnyama. Lakini baadhi ya vidonge hivi huzidisha kuvuja damu kwa wenye saratani ya tumbo na utumbo, na fondaparinuksi inataka figo nzima. Nikamwambia swali hilo si la msikitini, alipeleke kwa daktari wake. Alilipeleka. Daktari akapima, akamweleza kwa nini sindano zile za kwanza zinamfaa zaidi, na mzee akaendelea kujidunga.

Nawe mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani: uliza dawa imetoka wapi, ni haki yako, ila uliza kabla hujaiacha. Na mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata ghafla, mpeleke hospitali usiku huohuo. Fatwa utaitafuta kesho.