Kufundisha Sikio

Kuchanganya sauti za muziki ni kazi ya kuamua. Wanamuziki wanaporekodiwa studio, kila ala huhifadhiwa peke yake: gitaa la kushoto, gitaa la kulia, besi, sauti ya mwimbaji, na ngoma ambazo zenyewe huweza kutegeshewa maikrofoni kumi au zaidi. Mchanganyaji ndiye anayeamua kipi kisikike mbele, kipi kikae nyuma, na kipi kipunguzwe ili kingine kipate nafasi. Anayekwenda kujifunza kazi hiyo kwa prodyuza mzoefu hukuta mashine, programu na namba, na mara nyingi huanza kwa kuzinakili namba. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanafalsafa wamelijadili tangu Ugiriki ya kale: je, ujuzi wa fundi umo ndani ya maelezo anayoweza kuyatoa, au maelezo hayo ni nyayo tu za ujuzi uliokwisha kupita?

Hevi metali inafaa sana kulipimia swali hili, kwa sababu ni muziki uliojaa. Gitaa lililokwaruzwa na amplifaya halitoi sauti moja safi; mkwaruzo huongeza juu ya sauti ya msingi tabaka nyingi za sauti nyembamba, hata gitaa likataka kukalia karibu eneo lote ambalo sikio linasikia. Chini yake kuna besi, na chini ya besi kuna ngoma kubwa inayopigwa kwa miguu miwili, katika nyimbo ambazo mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika. Vyote vitatu hugombea masafa yaleyale ya chini. Matoazi na sauti ya mwimbaji hugombea ya juu. Ukilikuza gitaa, ngoma ya snea inazama. Ukiinua snea, mwimbaji anarudi nyuma. Kwa hiyo namba inayosema gitaa lipunguzwe kwenye hezi 300 ni kweli kwa gitaa lile, amplifaya ile na wimbo ule. Katika wimbo unaofuata inaweza kuwa kosa.

Zipo kanuni zinazofundishika kwa maneno, na mwalimu anayezificha anamwonea mwanafunzi. Gitaa la kushoto na la kulia sharti lipigwe mara mbili kweli. Anayerekodi mara moja kisha akanakili upande wa pili hapati upana wowote, maana sauti mbili zinazofanana kabisa husikika zikitoka katikati. Ni tofauti ndogo za mkono kati ya mpigo na mpigo zinazolifanya sikio lione nafasi. Vilevile maikrofoni mbili zikiwekwa mbele ya spika moja kwa umbali usiolingana, sauti huifikia moja mapema na nyingine kwa kuchelewa, na mawimbi hufutana sehemu fulani. Sauti husafiri takriban sentimita 34 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, hivyo hata upana wa kidole una athari. Fredrik Nordström wa Studio Fredman, Gothenburg, amepata jina kwa kutumia maikrofoni mbili za Shure SM57 kwenye gitaa, moja ikitazama spika moja kwa moja na nyingine ikiwa imeelekezwa kwa mshazari wa karibu digrii 45. Hayo yote yanaandikika kwenye daftari, nayo husaidia. Lakini hayamalizi kazi.

Mwaka 1949 Gilbert Ryle, katika The Concept of Mind, alitenganisha kujua kwamba jambo liko hivi na kujua namna ya kulifanya. Kama kila tendo la ustadi lingetaka kanuni ifikiriwe kwanza, basi kuitumia vizuri kanuni hiyo nako ni tendo la ustadi. Litataka kanuni yake, na hiyo yake, na hakuna mtu angeanza kazi. Jason Stanley na Timothy Williamson walimpinga mwaka 2001, wakisema kwamba kujua namna ni kujua ukweli fulani, ila ukweli ulioshikwa kwa njia ya kitendo. Mjadala huo haujafungwa. Hata hivyo pande zote mbili zinaliacha daftari la mwanafunzi katika hali ileile: ukweli ulioandikwa humo bado haujashikwa kwa njia inayotenda.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Stockholm. Mwaka 1990 bendi ya Entombed ilitoa albamu ya Left Hand Path, iliyorekodiwa katika Studio ya Sunlight chini ya Tomas Skogsberg. Sauti ya magitaa yake, nzito na yenye ukali wa msumeno, ikawa alama ya dethi metali ya Uswidi. Siri yake haikufichwa kamwe: pedali ya Boss HM-2, vidhibiti vyake vyote vinne vimezungushwa hadi mwisho. Hakuna maelekezo mafupi kuliko hayo, wala hakuna namba ya kukosea. Maelfu ya wapiga gitaa wameyafuata, na wengi wao hupata kelele tu. Maelekezo hayasemi nyuzi zilegezwe kiasi gani, mkono wa kulia uzibe nyuzi kwa uzito gani, amplifaya inayopokea kelele hiyo iwe ya namna gani, wala besi na snea zikae wapi ili ukali ule uwe muziki. Skogsberg na wanamuziki wake walikuwa na sikio lililojua wanachokitafuta, na pedali ikalitumikia sikio hilo.

Je, sikio hilo linapatikanaje? Katika Meno ya Plato lipo tatizo linalomgusa kila mwanafunzi wa studio: mtu atakitafutaje asichokijua, na akikikuta, atajuaje kwamba ndicho? Anayeanza hasikii kwamba gitaa lake linaifunika besi. Kwake hakuna kinachokosekana, kwa hiyo hana la kurekebisha. Mwalimu hapa hampi jibu. Kwanza humpa tatizo. Huzima besi, huiwasha, huizima tena, humuuliza amesikia nini. Hupunguza eneo fulani la gitaa, kisha hulirudisha. Baada ya kurudia hivyo katika nyimbo nyingi, kilichokuwa ukungu huanza kuwa na mipaka. Mwanafunzi haongezewi habari mpya kuhusu sauti. Sauti yenyewe inagawanyika mbele yake katika sehemu ambazo zamani hazikuwepo kwake.

Mwalimu pia hulinda sikio dhidi ya udanganyifu wake lenyewe. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba usikivu wa binadamu haulingani kwenye masafa yote, na kwamba hubadilika sauti inapokuzwa: sauti nzito, ambazo hufifia muziki unapopigwa kwa sauti ya chini, hujaa zaidi unapopigwa kwa nguvu. Ndiyo maana karibu kila kinachoongezewa sauti huonekana kimekuwa kizuri zaidi. Mwanafunzi huongeza hiki, akafurahi, akaongeza kile, na baada ya saa mbili masikio yamechoka na miksi imekuwa ukuta. Prodyuza mzoefu hushusha spika hadi watu waweze kuzungumza bila kupaza sauti, huweka albamu anayoiamini kwa ukubwa uleule, kisha hulinganisha. Uzuri uliotokana na kelele hutoweka papo hapo. Nidhamu hii ni ya kimaadili kama ilivyo ya kiufundi, kwa kuwa inamtaka mtu akubali kwamba alichokipenda dakika moja iliyopita hakikuwepo.

Kukubali huko kunahitaji imani. Michael Polanyi, katika Personal Knowledge ya mwaka 1958, alieleza kwamba mwanagenzi hujifunza kwa kumwamini fundi kabla hajaweza kueleza kwa nini fundi yuko sahihi, na kwamba kwa kumtazama hupokea hata kanuni ambazo fundi mwenyewe hajui kuwa anazifuata. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua utaratibu huu katika jambo lililo kubwa kuliko muziki. Vitabu vya tajwidi huonyesha ulimi ukae wapi kwa kila herufi, lakini hakuna anayehesabiwa kuwa msomaji wa Qur'ani kwa kuvisoma. Mwanafunzi husoma mbele ya mwalimu, mwalimu akamrudisha, akasoma tena, hadi anapopewa ijaza, yaani idhini ya kusomesha, yenye sanadi ya waliopokea mmoja kwa mwingine. Mwanafunzi huipokea herufi ya dhadi ya mwalimu wake kwa kuamini kwamba ndiyo, na ni baadaye sana anapoweza kuisikia tofauti yake na ile aliyokuwa akiitamka.

Ulinganifu huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni wa maana. Msomaji wa Qur'ani anahifadhi kilichoteremshwa. Prodyuza hana matini takatifu ya kulinda; kazi yake huhukumiwa na wanaoisikiliza. Katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, Plato anasema fundi anayetengeneza filimbi humwamini mpigaji, kwa sababu mtumiaji ndiye ajuaye kama filimbi ni nzuri. Aristotle naye, katika Siasa, anasema nyumba huhukumiwa vizuri zaidi na anayeishi ndani yake kuliko aliyeijenga. Mwaka 2008 Metallica walipotoa Death Magnetic, sauti ilikuwa imebanwa mno ili isikike kubwa, hata vilele vyake vikapasuka. Wasikilizaji wa kawaida walioisikia albamu hiyohiyo katika mchezo wa video wa Guitar Hero, ambamo haikubanwa kiasi kile, walitambua tofauti na wakalalamika waziwazi. Walioishi ndani ya nyumba walikuwa wamesikia kilichowapita wajenzi. Katika albamu ya bendi hiyohiyo ya 1988, ...And Justice for All, besi ya Jason Newsted karibu haisikiki, na Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya, amesema hadharani kwamba alitakiwa kuishusha kinyume na maoni yake. Sikio lilikuwepo, mamlaka hayakuwa nalo. Mwanafunzi anayefundishwa kusikia tu, asifundishwe namna ya kusimamia anachokisikia mbele ya wenye kazi, amefundishwa nusu.

Hapa ndipo utengano wa Aristotle, katika kitabu cha 6 cha Maadili ya Nikomako, unapofaa. Ufundi huangalia kitu kinachotengenezwa; hekima ya utendaji huangalia tendo lenyewe kama ni jema. Katika hevi metali ya sasa ni kawaida mapigo ya ngoma kusogezwa na kompyuta yakae sawasawa, na sauti ya ngoma kuongezewa au kubadilishwa kwa sampuli. Ufundi husema matokeo yako safi. Hekima huuliza kama mpigaji bado yumo ndani ya rekodi yake, na kama mwenyewe ameridhia. Jibu si moja kwa kila bendi, lakini mwanafunzi huliokota swali hilo kwa kumwona mwalimu akiliuliza, au kwa kumwona asiliulize kamwe. Dhamiri hurithiwa studio kwa njia ileile inayorithiwa sikio.

Leo wengi hujifunza kwa mbali. Wapo maprodyuza wanaorekodi masomo ya video na kutoa vipande vya nyimbo, kila ala peke yake, ili yeyote avichanganye upya. Hilo ni jambo kubwa kwa kijana wa Nairobi au Kampala asiye na studio ya metali jirani, na ukosefu wa mwalimu mmoja wa karibu haujazuia kazi mpya: Duma, kundi lililotoka Nairobi, lilitoa mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala albamu inayochanganya ukali wa metali na kelele za kielektroniki kwa namna ambayo hakuna daftari la Stockholm lingeielekeza. Lakini somo la video linamwonyesha mwanafunzi mikono ya mwalimu bila kumpa masikio yake. Linaeleza, halisikilizi, haliwezi kumrudisha alipokosea. Nusu hiyo ya pili bado hutafutwa kwa mtu, hata kama ni kwa kumtumia faili aliye mbali, mwenye sikio la kuaminika, naye akajibu kwa sentensi moja kwamba snea imezama na gitaa la kulia limezidi.