Banjo Ni ya Nani?

Februari 2024 Beyoncé alipotoa "Texas Hold 'Em", mitandao iliwaka. Ati mwanamke mweusi anatafuta nini kwenye country? Wengine walimtetea, wengine wakamtusi, na katikati ya kelele hizo ni wachache waliouliza swali rahisi: hiyo banjo inayofungua wimbo, anapiga nani? Ni Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi kutoka North Carolina. Kwa karibu miaka 20 amekuwa akiwakumbusha Wamarekani kwamba banjo ilianzia kwa watu weusi.

Sisi Wakenya country tunaijua. Kuna nyumba nyingi hapa ambazo Jumapili haikamiliki bila Kenny Rogers au Jim Reeves, na wengi wetu tukiskia banjo tunaona mzungu mwenye kofia pana na ng'ombe wengi. Mwambie msee kwamba babu ya banjo ni kibuyu cha Afrika Magharibi, atacheka kwanza. Lakini ushahidi upo. Daktari Hans Sloane alifika Jamaica mwaka 1687, akaandika kuhusu ala za nyuzi ambazo watumwa walizitengeneza kwa vibuyu. Kuna mchoro wa South Carolina wa mwishoni mwa karne ya 18, unaoitwa The Old Plantation, na ndani yake mwanamume mweusi ameketi akipiga banjo ya kibuyu huku wenzake wakicheza. Na huko Senegal na Gambia, Wajola bado wanapiga akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, nyuzi tatu, na mmoja wa nyuzi hizo ni mfupi, wa kidole gumba. Ukucha unashuka, gumba linajibu. Mtindo wa zamani kabisa wa banjo hupigwa hivyo hivyo.

Kisha ikaibwa, na namna ilivyoibwa ndiyo inauma. Joel Sweeney, mzungu wa Virginia, alijifunza banjo kwa watu weusi wa kwao, akapata umaarufu nayo jukwaani. Mwaka 1843 wazungu wanne waliojiita Virginia Minstrels walipanda jukwaa New York wakiwa wamejipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, wakapiga banjo na kumwigiza mtu mweusi kama mjinga wa kuchekwa. Watu walipenda. Maonyesho ya aina hiyo yakawa biashara kubwa ya burudani Marekani kwa miongo mingi. Yaani ala ambayo watumwa waliitengeneza ili wapumue kidogo baada ya shamba ikageuzwa kifaa cha kuwachekea wao wenyewe.

Hebu jiweke hapo. Chombo cha babu yako kimekuwa nembo ya matusi. Ungeendelea kukipiga? Wengi waliacha, taratibu. Haikuwa aibu peke yake: gitaa zilishuka bei, blues ikaja, watu wakahama kusini kwenda miji ya kaskazini. Na miaka ya 1920 kampuni za rekodi ziliuza muziki wa weusi katika orodha moja na wa wazungu wa mashambani katika orodha nyingine, kana kwamba pande hizo mbili hazikuwahi kupiga tuni zile zile. Mweusi wa banjo na fidla hakuwa na rafu yake dukani.

Sasa swali langu ni hili. Kitu kikiibwa, kikachafuliwa, halafu kikatunzwa kwa upendo na wajukuu wa walioiba, kitu hicho ni cha nani?

Kuna jibu la haraka: muziki hauna mwenyewe. Ni jibu tamu, na lina ukweli ndani yake. Wazungu maskini wa milima ya Appalachia walipiga banjo vizazi kwa vizazi, nyumbani na kwenye dansi za kijiji, bila masizi usoni. Earl Scruggs, kijana wa North Carolina, alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwaka 1945, vidole vyake vitatu viliifanya banjo iseme mambo mapya kabisa. Huwezi kumwambia mtu kama huyo arudishe. Lakini angalia ni nani hupenda kusema muziki hauna mwenyewe. Mara nyingi ni yule ambaye jina lake tayari liko kwenye karatasi.

Jibu lingine la haraka ni damu: ilikuwa yetu, basi ni yetu. Hili pia nalielewa, lakini damu haifundishi mtu kupiga banjo. Mwaka 2005 kulikuwa na mkutano wa wapiga banjo weusi mjini Boone, North Carolina. Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson walikutana kupitia hapo. Walikuwa weusi, walikuwa na hamu, lakini kuna kitu kilikosekana. Wakaanza kwenda Mebane, nyumbani kwa Joe Thompson, mpiga fidla wa zaidi ya miaka 80 aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha fanicha. Kwa miaka mingi Thompson alipiga na binamu yake Odell, aliyeshika banjo, hadi Odell akafariki mwaka 1994. Vijana hao walienda kwake Alhamisi baada ya Alhamisi. Mzee na fidla, wao na banjo, tuni ile ile tena na tena hadi iingie mwilini.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo labda naipendelea shule ya aina hii: sebule, mzee, na hakuna cheti. Lakini fikiria kilichopita pale sebuleni. Rangi yao iliwafikisha mlangoni tu. Muziki wenyewe waliupata kwa kuketi chini, na walipotoka walijua wanadaiwa na nani. Bendi yao, Carolina Chocolate Drops, ilizunguka dunia ikilitaja jina la Joe Thompson hata baada ya yeye kufariki mwaka 2012.

Albamu yao ya 2010, iliyoshinda Grammy, inaitwa Genuine Negro Jig, na hilo jina lina stori. Dan Emmett, mmoja wa wale wanne wa 1843, aliacha kwenye makaratasi yake tuni iliyoandikwa hivyo tu, yaani "jigi halisi ya Weusi." Weusi gani? Watafiti wanaihusisha na familia ya Snowden, wanamuziki weusi wa Knox County, Ohio, kaunti ile ile alikotoka Emmett. Kwa hivyo bendi iliipiga tuni hiyo kwa jina la Snowden's Jig.

Tuwe wakweli, Emmett alihifadhi. Bila karatasi yake huenda tuni hiyo ingekuwa imepotea. Lakini alihifadhi rangi, akapoteza majina. Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kupiga naona halitufikishi mbali. Mimi ningeuliza: ukipiga, unabeba jina la nani?

Na hilo linawezekana kwa mtu yeyote. Dock Boggs, mzungu mchimba makaa wa Virginia aliyerekodi mwaka 1927, alisema wazi kwamba upigaji wake ulitokana na watu weusi aliowatazama. Aliacha muziki kwa miaka mingi. Mwaka 1963 mwanamuziki Mike Seeger, naye mzungu, alimtafuta na kumrudisha jukwaani, akiwa Dock Boggs mwenyewe, si "mzee fulani wa milimani."

Utaniambia jina halijazi sufuria. Kweli. Kutaja bila kulipa ni nusu ya adabu. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na utamlipa nani kama hujui anayekudai?

Na sisi wa huku? Béla Fleck, mpiga banjo kutoka New York, alisafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akipiga na wanamuziki wa huko. Filamu ya safari hiyo, ya 2008, ilichukua jina lake kutoka Bagamoyo: bwaga moyo. Ukimtazama akipiga na Anania Ngoliga, Mtanzania asiyeona ambaye vidole vyake kwenye ilimba ni balaa, ni rahisi kuinuka ukisema banjo ni yetu. Pole pole. Bagamoyo inaangalia Bahari ya Hindi, na wengi waliopitishwa huko walielekezwa Zanzibar na kwingineko upande huo. Kibuyu cha banjo kilivuka bahari nyingine. Aliyewafanya wapenzi wa banjo waitazame akonting kwa makini ni Daniel Jatta, Mjola wa Gambia, na kazi hiyo ni yake. Tukisema "Afrika" tu na kujipongeza, tumefanya alichofanya Emmett.

Kwa hivyo ukiskia tena "Texas Hold 'Em" kwenye matatu, mwambie aliyeketi karibu nawe anayepiga banjo ni nani. Akiuliza huyo naye alifunzwa na nani, mwambie kuna Joe Thompson wa Mebane. Akizidi kuuliza mtafika Ohio, mtafika Jamaica, mtafika Gambia, na kuna mahali njiani majina yatawaishia. Msipapite haraka. Yule mwanamume wa kwenye mchoro wa South Carolina pia alikuwa na jina.